Ayubu hakuambiwa sababu: tumaini la Mkristo katika mateso linatoka wapi?

Mleta uzi

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Kila mtu anapoleta habari ya ugonjwa wake, ya kufiwa au ya ndoa iliyomvunjikia, jambo la kwanza analopewa na Wakristo wenzake huwa ni sababu. Ataambiwa kwamba Mungu anamjaribu, au anamwandaa kwa mambo makubwa, au kuna dhambi ambayo hajaitubu, au imani yake bado ni changa. Wengi wa wanaosema hivyo wana nia njema, na sileti uzi huu ili kuwashambulia. Ninauleta kwa kuwa naamini wanampa mwenzao kitu ambacho Biblia yenyewe imejizuia kukitoa. Imani ya Kikristo haimwelezi mtu ni kwa nini anateseka yeye na si jirani yake. Inampa ruhusa ya kulia mbele za Mungu, inamwonyesha Mungu aliyeteseka, na inampa ahadi ya ufufuo. Maana ya mateso, pale inapopatikana, huja baadaye, tena humjia yule aliyeteseka mwenyewe, wala haiwezi kuletwa mezani na mtu aliyekuja kumpa pole.

Ayubu tunamtaja sana kwenye misiba, lakini wengi wetu tunaishia sura mbili za kwanza, pale anaposema kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa, kisha tunarukia sura ya 42 anaporudishiwa mali. Katikati kuna sura karibu 40 ambazo hatuzihubiri. Humo yumo mtu anayeilaani siku aliyozaliwa, anayedai apewe nafasi ya kusimama na Mungu barazani amweleze kosa lake, na anayewaambia rafiki zake kwamba wao ni wafariji wenye kutaabisha. Rafiki hao watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walianza vizuri mno: waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hakuna aliyemwambia neno, kwa maana waliona kwamba huzuni yake ni kuu. Taabu ilianza walipofungua vinywa. Hoja yao ilikuwa nyepesi na iliyopangika: Mungu ni wa haki, Mungu wa haki huwaadhibu waovu, wewe unapata adhabu, basi ungama uovu wako. Ukizisoma hotuba zao moja moja utakuta maneno mengi ambayo ungeweza kuyasikia mimbarani na kuitikia amina.

Kisha Mungu anasema kutoka katika upepo wa kisulisuli, na hapo ndipo ninapoomba tusome polepole. Hamwambii Ayubu habari za mazungumzo yale ya sura ya kwanza baina ya Mungu na Shetani. Sisi wasomaji tunayajua. Ayubu anakufa akiwa mzee, ameshiba siku, bila kuyajua. Anaulizwa alikuwa wapi ilipowekwa misingi ya nchi, anaonyeshwa kunguru anayepewa chakula na mbuzi-mwitu wanaozaa mwambani pasipo mtu kuwaangalia, na katika yote hayo hapewi maelezo hata ya sentensi moja kuhusu watoto wake kumi waliokufa. Hata hivyo anatulia, na anaeleza mwenyewe kilichomtuliza: zamani alikuwa amesikia habari za Mungu kwa masikio, lakini sasa jicho lake linamwona. Hasira ya Mungu inawaka juu ya Elifazi na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kumhusu kama alivyonena Ayubu. Yule aliyelalamika, tena kwa ukali, ndiye anayeambiwa awaombee wale waliomtetea Mungu kwa hoja.

Bwana Yesu naye alikataa hesabu hiyo ya dhambi na adhabu mara mbili waziwazi, alipoulizwa juu ya mtu aliyezaliwa kipofu (Yohana 9) na alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Luka 13). Lakini mahali panaponishika zaidi ni Bethania. Martha na Mariamu wanamjia kwa nyakati tofauti na kumwambia jambo lile lile: kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa. Hilo ni lalamiko, na lilikuwa na msingi, kwa maana alipata habari ya ugonjwa wa Lazaro na bado akakaa siku mbili pale alipokuwa. Hamkemei hata mmoja wao. Yesu anajua kwamba muda si mrefu atamwita Lazaro kutoka kaburini na Lazaro atatoka. Hata hivyo Yohana anaandika kwamba Yesu akalia machozi. Ikiwa yeye aliyejua kwa hakika kwamba ufufuo uko hatua chache mbele yake alilia, basi machozi ya Mkristo kando ya jeneza hayawezi kuwa ushahidi kwamba haamini ufufuo.

Msalabani jambo hili linafika mwisho wake. Ilipofika saa tisa, Yesu alipaza sauti kwa maneno ya Zaburi ya 22: Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha? Katika Injili ya Marko, Baba alisema kwa sauti kutoka mbinguni wakati wa ubatizo na tena kule mlimani, lakini safari hii hakuna sauti inayojibu. Mwana wa Mungu aliuliza "mbona" akafa kabla ya kujibiwa, na jibu lilipokuja siku ya tatu halikuwa maelezo, bali kaburi tupu. Mtu anayeuliza "kwa nini" leo akiwa kitandani au akiwa amejifungia chumbani hajatoka nje ya imani. Anauliza swali ambalo Bwana wake aliliuliza kabla yake.

Karibuni tujadili kwa staha.

Mtafuta Njia

Asante kwa uzi, mtumishi. Nina swali moja la dhati, kwa maana jambo hili limenigusa. Ukimwondolea mtu sababu, unambakizia nini? Mimi nilipopoteza kazi na afya kwa wakati mmoja, kilichonishikilia ni kuamini kwamba kuna kusudi. Yusufu aliwaambia ndugu zake kwamba wao walimkusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema. Paulo naye anasema katika Warumi 8:28 kwamba katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema. Je, hayo si maelezo ya kutosha? Naogopa kwamba tukisema mateso hayana sababu inayojulikana, tutamfanya Mungu aonekane kama aliyeshikwa na mambo asiyoyatarajia.

Mleta uzi

Swali zuri, ndugu yangu, na kusudi lililokushikilia sitaki kukunyang'anya. Sijasema kwamba Mungu hana makusudi. Nimesema kwamba sisi hatujapewa kazi ya kuyatangaza juu ya maisha ya mwenzetu.

Tumwangalie Yusufu uliyemtaja. Mwanzo inamtaja akiwa na miaka 17 kabla ya kuuzwa, na inasema alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Ikapita miaka saba ya shibe na miaka miwili ya njaa kabla hajajitambulisha kwa ndugu zake, kisha Yakobo akaishi Misri miaka 17 hadi kufa kwake. Maneno yale ya Mwanzo 50 yalisemwa baada ya mazishi ya Yakobo. Ukijumlisha, Yusufu alikuwa na umri wa miaka 56 hivi, karibu miaka 40 tangu siku aliyovuliwa kanzu yake na kutupwa shimoni. Hakuna aliyesimama ukingoni mwa shimo akamwambia kwamba hayo yote ni kwa ajili ya mema, na kama angekuwapo, naona ingekuwa ni ukatili. Yusufu aliyesema hayo ndiye aliyeyaishi. Tena hakupunguza ukali wa jambo lenyewe, kwa maana aliuita uovu kwa jina lake: mlinikusudia mabaya. Na katika habari hiyo Yusufu analia mara nyingi kuliko karibu mtu mwingine yeyote wa kitabu cha Mwanzo, hata safari moja Wamisri wakasikia kilio chake kutoka nje ya chumba.

Kuhusu Warumi 8:28, naomba tusiutenge na mistari iliyoutangulia. Kabla ya kufika hapo Paulo ametaja kuugua mara tatu: viumbe vyote vinaugua, sisi tulio na Roho tunaugua nafsini mwetu, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Aliyeandika kwamba Mungu hufanya kazi katika mambo yote ndiye huyo huyo aliyekiri, mistari miwili nyuma yake, kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo. Mstari huo ni nanga kwa anayeushika mwenyewe, kama ulivyoushika wewe, na kwa hilo namshukuru Mungu pamoja nawe. Anapoupokea kutoka kwa mtu anayetaka mazungumzo ya huzuni yaishe upesi, unamwelemea.

Mama wa Wawili

Nimesoma kimyakimya tangu mwanzo na nimeona niandike. Nilizaa watoto wawili, mmoja amefariki. Tangu hapo nimeambiwa kwamba Mungu alihitaji malaika, kwamba nikilia sana namkasirisha Mungu, na kwamba nishukuru kwa kuwa nimebakiwa na mwingine. Aliyesema la mwisho ni mtu ninayemheshimu sana. Sijaacha kwenda ibadani, lakini nakaa viti vya nyuma, na nyimbo za shangwe zikianza natoka nje. Kuomba siwezi. Nikifunga macho sina neno hata moja. Je, mtu wa namna hii bado ni mwamini?

Mleta uzi

Pole sana, dada yangu. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, kwa hiyo sitajifanya naujua wako.

Nakujibu swali lako la mwisho kwanza: ndiyo. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama watu wengine wasio na matumaini, na maneno hayo yamegeuzwa na wengi kuwa amri ya kutokuhuzunika, jambo ambalo Paulo hakulisema. Yeye mwenyewe aliwaandikia Wafilipi kwamba kama Epafrodito angekufa, angepata huzuni juu ya huzuni. Mtume aliyeandika juu ya ufufuo kuliko wote alijua kwamba kifo cha rafiki mmoja kingemvunja moyo.

Kuhusu kukosa maneno ya kuomba, tumepewa maneno na watu waliofika hapo ulipo. Ipo Zaburi ya 88, ambayo haina mwisho mwema; neno lake la mwisho ni giza. Nimewaza mara nyingi kwa nini haikuondolewa, au kwa nini hakuna mtu mcha Mungu aliyeiongezea mstari mmoja wa matumaini, na naona imeachwa hivyo kwa ajili ya watu ambao leo hawana mstari huo wa kuongeza. Kipo kitabu cha Maombolezo, kilichoandikwa kwa ajili ya kuanguka kwa Yerusalemu. Maneno yake yanayojulikana sana, kwamba huruma za Bwana ni mpya kila siku asubuhi, yako katika sura ya tatu, yaani katikati kabisa ya sura tano. Baada yake kilio kinaendelea, na kitabu kinafungwa kwa swali kama Mungu amewakataa kabisa. Mtu huyo alilishika tumaini katikati ya maombolezo kisha akaendelea kuomboleza, na maombolezo yake tumeyapokea kuwa Neno la Mungu.

Na kama hata kusoma huwezi, waache wengine waamini kwa niaba yako kwa kitambo. Yule mwenye kupooza wa Marko 2 alibebwa na watu wanne waliotoboa dari, na imeandikwa kwamba Yesu aliiona imani yao, wala hatuambiwi mgonjwa mwenyewe aliwaza nini. Kukaa viti vya nyuma ni kukaa ndani. Kutoka nje zinapoanza nyimbo za shangwe si kumtoroka Mungu, kwa maana hata Zaburi zenyewe zina nyimbo nyingi za kilio, na ni sisi tuliozifuta katika ibada zetu. Anayepaswa kubadilika hapo ni anayepanga nyimbo.

Mhudumu

Naomba nichangie kutoka upande wa kazi. Ninawahudumia wagonjwa walio katika siku zao za mwisho. Yuko mmoja ambaye sitamsahau. Walikuja watu wa maombi wakakizunguka kitanda chake, wakaamuru ugonjwa uondoke, wakamtaka aseme kwa kinywa chake kwamba amepona. Alisema. Walipoondoka aliniomba nimgeuze aelekee ukutani. Nilikuwa nikimlainisha midomo kwa pamba yenye maji, kwa sababu hakuweza tena kumeza, na alipopata nguvu akaniambia, "Sasa nina kazi mbili, kuumwa na kuwaficha kwamba naumwa."

Siku nyingine alikuja mzee mmoja wa kanisa. Alivuta kiti mpaka magoti yake yakagusa kitanda, akamwuliza, "Leo panauma wapi?" Mgonjwa akamwonyesha. Mzee akamsomea Zaburi ya 22 yote, kuanzia kuachwa na Mungu, mifupa kuhesabika na ulimi kuambatana na taya, hadi pale inaposemwa kwamba Mungu hakulidharau teso la mteswa. Kwenye ulimi kuambatana na taya, mgonjwa alifungua macho akamtazama. Nafikiri alikuwa amesikia hali yake mwenyewe ikisomwa kutoka katika Biblia. Alitaka isomwe tena.

Katika mafunzo yetu tulifundishwa juu ya Cicely Saunders, Mkristo aliyekuwa muuguzi kisha akasomea udaktari, aliyefungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa ni ya mwili, ya moyo, ya mahusiano na ya roho kwa pamoja, na kwamba huwezi kuyashughulikia ya roho huku ukiyaacha ya mwili yakimtafuna mgonjwa, hivyo apewe dawa ya maumivu kwa wakati, kabla maumivu hayajarudi. Mimi naliona jambo hilo katika habari ya Eliya. Alipoketi chini ya mretemu akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ainuke ale. Kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, Eliya alipokuwa amepumzika.

Swali langu kwa mleta uzi: je, tuache kuombea uponyaji?

Mleta uzi

La, tusiache. Yesu aliponya wagonjwa, hakumwambia hata mmoja kwamba ugonjwa unamfaa, na Yakobo anaagiza wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta. Tuombe kwa ujasiri. Tunachopaswa kuacha ni kumtwika mgonjwa lawama pale uponyaji usipokuja.

Paulo, ambaye kwa mikono yake watu waliponywa, aliandika kwamba alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa. Alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na udhaifu wake wa mara kwa mara. Yeye mwenyewe aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Tusome pia Matendo 12: Herode alimwua Yakobo ndugu wa Yohana kwa upanga, na katika sura hiyo hiyo Petro anafunguliwa minyororo na malaika. Je, kanisa lilimpenda Petro zaidi, au Yakobo alikuwa na imani haba? Luka hasemi lolote kati ya hayo. Waebrania 11 inawaweka pamoja waliookoka makali ya upanga na waliouawa kwa upanga, na inasema kwamba wote walishuhudiwa kwa sababu ya imani yao. Sura hiyo ingetosha kufunga mjadala, lakini mara nyingi tunaisoma hadi nusu ya mstari wa 35 tu.

Jirani Mwema

Ninakubaliana na mengi, ila nina jambo ambalo haliwezi kupitwa kimya. Mafundisho ya mateso yametumika kuwanyamazisha watu. Nimemsaidia mwanamke aliyekuwa akipigwa na mumewe, na aliposhtaki kwa viongozi wake wa kiroho aliambiwa abebe msalaba wake, kwamba Mungu ataleta maana. Mafundisho ya tumaini yakiishia hapo, mimi siyataki.

Mleta uzi

Wala mimi siyataki, na nashukuru kwamba umelileta, maana bila hilo uzi huu ungekuwa na pengo la hatari.

Msalaba ambao Yesu aliwaambia wanafunzi waubebe ni gharama ya kumfuata yeye. Kipigo cha mume si gharama ya kumfuata Kristo. Ni dhambi ya mume, na katika nchi nyingi ni kosa la jinai. Yesu mwenyewe, watu wa Nazareti walipotaka kumtupa kutoka ukingo wa kilima, alipita katikati yao akaenda zake, na zaidi ya mara moja alitoka mikononi mwa waliotaka kumkamata, kwa sababu saa yake ilikuwa bado. Alipoutoa uhai wake aliutoa kwa hiari, akisema kwamba hakuna amwondoleaye. Paulo alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu ili asiuawe, na alipokuwa amefungwa tayari kwa mijeledi alimwuliza akida kama ni halali kumpiga Mrumi asiyehukumiwa. Alitumia sheria iliyokuwapo kujilinda, wala hatuoni popote akijuta kwamba alikwepa baraka. Katika Kutoka 3, Mungu anaposema ameyaona mateso ya watu wake na kukisikia kilio chao, neno linalofuata ni kwamba ameshuka ili awaokoe, wala hakuwaagiza wavumilie matofali. Kwa hiyo mateso yanayoweza kukomeshwa yakomeshwe, na anayepigwa asaidiwe kuondoka mahali pa hatari na kufika kwa wenye mamlaka. Anayemhubiria saburi ili arudi kupigwa anatumia jina la Bwana bure.

Mtafuta Njia

Nimefuatilia na nimepata mengi ya kutafakari, hasa ile hesabu ya umri wa Yusufu. Nimalizie na hili. Wako wanaosema kwamba tumaini la ufufuo ni dawa ya usingizi: mtu akiahidiwa mbingu, anaacha kuhangaika na dunia. Wewe unaonaje?

Mleta uzi

Naona lingekuwa kweli kama ahadi yenyewe ingekuwa ni roho kuondoka na kuuacha mwili uoze. Tunachokiri ni ufufuo wa mwili. Kristo alipofufuka alikuwa na alama za misumari mikononi na jeraha ubavuni, akamwita Tomaso aziguse. Mungu angeweza kumfufua bila alama hizo, lakini alizibakiza. Kwangu hilo lina maana kubwa kuliko maelezo yote ya asili ya mateso niliyowahi kuyasikia, kwa sababu linaniambia kwamba kilichotupata hakitafutwa kana kwamba hakikutokea. Kitachukuliwa na kugeuzwa, na kitabaki kikitambulikana kuwa ni chetu. Ufunuo 21 inaposema kwamba Mungu atafuta kila chozi, maana yake ni kwamba kila chozi limeonekana.

Na mwili ukiwa wa kufufuliwa, basi una thamani sasa hivi, hata ukiwa na vidonda. Sura ya 15 ya Wakorintho wa Kwanza ina mistari 58 juu ya ufufuo, na mstari wa mwisho unawataka wazidi sana kutenda kazi ya Bwana, wakijua kwamba taabu yao si bure. Ndivyo ilivyokuwa kwa walioliamini jambo hilo kwa dhati. Basili, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia katika karne ya 4, aliwajengea maskini na wagonjwa mahali pa kutunzwa. Padri Damien, Mbelgiji, alikwenda mwaka 1873 kuishi na wenye ukoma waliotengwa kisiwani Molokai, huko Hawaii, akawafunga vidonda, akawajengea nyumba, akawachongea majeneza na kuwachimbia makaburi kwa mikono yake, mpaka yeye mwenyewe akaupata ukoma na kufa nao mwaka 1889. Kama tumaini lake lingekuwa dawa ya usingizi, asingeondoka nyumbani.

Mama wa Wawili

Nimesoma Zaburi ya 88 jana usiku. Sikujua imo. Nashukuru.

Mhudumu

Ninalo la mwisho la vitendo. Kesho nakwenda kumwona mwenzangu aliyefiwa na mkewe, na baada ya kusoma haya yote naogopa kufungua kinywa. Niseme nini?

Mleta uzi

Usiogope. Sema "pole sana," na kama ulimfahamu mkewe, mtaje kwa jina na useme jambo moja unalolikumbuka juu yake, kwa maana waliofiwa hutamani sana kusikia jina hilo likitajwa na watu wanaliepuka. Kisha keti. Akitaka kuzungumza, msikilize hata kama anarudia habari ile ile, na akimlalamikia Mungu, usimsahihishe. Akinyamaza, nyamaza naye. Ukiona vyombo vichafu vioshe, ukiona watoto wana njaa walishe, bila kumwuliza kama anahitaji msaada, kwa sababu mwenye msiba mara nyingi hajui anahitaji nini. Akikuomba usome Neno, Zaburi ya 13 inatosha: ni mistari sita tu, na mwenye kuomba anamwuliza Mungu "hata lini" mara nne kabla ya kufika kwenye kutumainia. Ukiomba, omba kwa ufupi, na usimweleze Mungu sababu za jambo lililotokea.

Halafu, kabla hujalala kesho, weka alama kwenye simu yako ya tarehe ya mwezi mmoja kutoka leo, ili umpigie tena wakati wengine watakapokuwa wamerudi kwenye shughuli zao.